Jinsi Kazi za Kromosomu za Ngano Zinavyotambuliwa

Mama lishe wa Dodoma hutuuliza kwa nini unga mmoja wa ngano huvutika vizuri chapati inaposukumwa, ilhali mwingine hukatika. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kromosomu, yaani nyuzi ndogo zilizomo ndani ya kila seli ambazo hubeba jeni.

Ngano ya mkate ina kromosomu 42, sawa na jozi 21. Kwa kuwa ilitokana na kuchavushana kwa nyasi tatu tofauti, jozi hizo huangukia katika makundi saba, na kila kundi lina jozi tatu zenye udugu, A, B na D. Mtama tunaoulima huku una kromosomu 20 tu. Ukikosa jozi moja nzima hauwezi kuishi, kwani hakuna ya kushika nafasi yake. Ngano hustahimili pengo hilo, maana ndugu wawili waliobaki huubeba mzigo kwa kiasi fulani.

Sifa hiyo ndiyo aliyoitumia Ernest Sears wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ambaye kwa miaka mingi alikusanya mimea ya ngano iitwayo Chinese Spring, mmoja ukikosa kromosomu hii na mwingine ile, na mwaka 1954 akachapisha maelezo yake. Kinachopotea mmea unapokosa jozi fulani huonyesha kazi ya jozi hiyo. Maelezo ni mepesi, lakini kazi yenyewe hudai subira ya kupigiwa mfano: mmea wenye kromosomu 41 huzaa watoto wenye 42, wengine 41 na wachache 40, hivyo kila kizazi sharti kihesabiwe upya kwa hadubini.

Kwa njia hiyo na nyingine zilizofuata imebainika kwamba 5A, yaani jozi ya A katika kundi la tano, hubeba jeni inayofanya punje ziachane na makapi kwa urahisi wakati wa kupura, na 5D huamua kama punje itakuwa ngumu au laini. Mvutiko wa chapati hutegemea sana jeni za gluteni, yaani protini inayofanya unga uvutike, zilizo katika kundi la kwanza, hasa 1D.

Kwa maoni yangu, ya ajabu kuliko zote ni 5B, ambayo huzuia kromosomu za A, B na D zisiungane ovyo mmea unapotengeneza chavua na mayai. Watafiti huiondoa kwa makusudi pale wanapotaka kuingiza katika ngano jeni za nyasi mwitu, zikiwemo zile zinazokinga mmea dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina.