Umetolewa bawasiri, sasa uko nyumbani

Mtu akipangiwa upasuaji wa bawasiri, swali la kwanza analoniuliza kliniki ni kama atalazwa usingizi. La pili ni kama itauma. Mezani haiumi: ganzi ya mgongoni au nusu kaputi inafanya kazi yake, na kwa kawaida ndani ya saa moja umeshamaliza. Swali ambalo nangoja kuulizwa na siulizwi ni hili: siku ya tatu, nikiwa chooni kwangu na mlango nimeufunga, itakuwaje?

Ninaliulizia mwenyewe kwa sababu wengi wa wanaoturudia wakiwa na matatizo hawarudi kwa kosa la kisu. Waliogopa kwenda haja. Wakaibana siku moja, mbili, nne, huku wakipunguza chakula ili "kisitoke kitu". Utumbo mpana kazi yake ni kufyonza maji, kwa hiyo choo kilichokaa humo kikazidi kukauka, na kilipotoka hatimaye kilikwaruza kidonda kibichi. Maumivu yakaongeza woga, woga ukaongeza kubana. Mzunguko huo nimeuona kwa walimu, madereva na maaskari, cheo hakisaidii.

Kwanza ujue umefanyiwa nini, kwa maana si kila aliyetibiwa bawasiri amekatwa. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna mpaka. Juu yake ni ukuta wa utumbo, ambao haupati maumivu ya kukatwa kama ngozi inavyopata. Chini yake ni ngozi yenye mishipa ya fahamu tele. Bawasiri ya ndani hukaa juu ya mpaka huo, ndiyo maana daktari anaweza kukivuta kinyama na kukifunga shingoni kwa mpira mdogo bila ganzi, nawe ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Damu inakatika, kinyama kinasinyaa, na kati ya siku ya 5 na ya 10 kinadondoka pamoja na mpira wake, mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Baada ya kufungwa mpira utahisi kujaa, kama unataka choo na hakipo. Usikifuate kwa kujikamua. Kinachokusumbua ni kile kinyama kilichofungwa. Lakini ukisikia maumivu makali papo hapo, sema kabla hujashuka kitandani. Huenda mpira umeshuka chini ya mpaka na kubana ngozi, na kuuondoa mapema ni rahisi kuliko kuvumilia usiku mzima. Huu si wakati wa kujikaza kiume.

Waliochomwa sindano ya kukausha bawasiri nao hupona haraka, kwa kawaida na matone machache ya damu siku mbili tatu. Safari ndefu ni ya waliokatwa.

Aliyekatwa hushtuka akijipapasa au akimulika kwa simu na kukuta kidonda kiko wazi. Wengine hudhani daktari amesahau kushona. Hakusahau. Mbinu ya kuacha kidonda wazi ilielezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan wa Hospitali ya St Mark's, London, na bado inatumika sana. Choo kinapita hapo kila siku, na kidonda kilicho wazi hakifungii uchafu ndani. Hujijaza chenyewe kuanzia chini kuja juu. Kuna madaktari wanaoshona, nayo ni njia halali. Kwa vyovyote, hesabu wiki 4 hadi 6 kupona kabisa, wakati mwingine zaidi. Majimaji ya njano yanayolowesha nguo katika muda huo ni ya kawaida, vaa pedi. Usaha unaonuka pamoja na homa si wa kawaida.

Siku mbili tatu za mwanzo

Saa chache baada ya upasuaji, shida inayotangulia mara nyingi ni mkojo. Ganzi ya mgongoni, maumivu na misuli iliyokaza huzuia kibofu kufunguka, hasa kwa wanaume wenye umri mkubwa ambao tezi dume limeshaanza kuwasumbua. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ukojoe humo humo; haipendezi, lakini husaidia. Zikipita saa 6 hadi 8 bila mkojo na tumbo la chini limejaa, mwambie nesi au rudi hospitali. Kuwekewa mpira wa mkojo kwa muda si aibu. Kibofu kilichovimba kikiachwa huharibika.

Maumivu ya juu kabisa ni ya siku hizi na ya choo cha kwanza. Kosa ninaloliona ni mtu kungoja maumivu yapande ndipo ameze dawa. Meza kwa saa. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, parasetamo ni gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500) kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki au ibuprofeni huongeza nguvu, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tramado ni nzuri kwa maumivu makali na ni mbaya kwa choo: inafunga. Ukiandikiwa tramado bila dawa ya kulainisha choo, uliza kabla hujaondoka dirisha la dawa.

Dawa ya kulainisha, mfano laktulosi, ianze siku ile ile ya upasuaji, isingoje ufunge kwanza. Na kula. Kukaa na njaa hakuponyi kidonda. Uji wa dona au wa ulezi, maharage, kunde, mchicha, matembele, papai, parachichi, pamoja na maji lita 2 au zaidi kwa siku kama moyo na figo havina tatizo. Ugali wa sembe na nyama choma pekee kwa wiki nzima ndiyo njia ya uhakika ya kujitafutia adhabu. Pilipili haileti bawasiri, tofauti na inavyosemwa mtaani, lakini kwenye kidonda kibichi itakuunguza ikitoka, kwa hiyo iache wiki chache. Kama tarehe ya upasuaji inaweza kuchaguliwa, usiipange katikati ya Ramadhani, maana kunywa maji mchana ni sehemu ya tiba.

Haja ikikuita, nenda. Meza dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla kama unaujua muda wako, chuchumaa au weka miguu juu ya kigoda, pumua, usijitutumue. Dakika 5 zinatosha. Simu ibaki chumbani. Kisha jisafishe kwa maji. Hapa desturi yetu ya kutawaza kwa maji inatusaidia sana, karatasi hukwaruza. Halafu kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku na kila baada ya choo. Maji matupu. Chumvi si lazima, na dawa za kuua vijidudu za kusafishia nyumba zisikaribie kabisa, zinababua.

Wiki ya pili inayodanganya

Kufikia siku ya saba hivi maumivu yameshuka, mgonjwa anatembea, anajisikia mtu. Anarudi kwenye bodaboda, anabeba gunia, anasafiri kwa basi kwenda msibani. Nami ndiyo wiki ninayoiogopa, kwa sababu kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo gamba la kidonda hubanduka, na mshipa uliokuwa umezibwa nalo unaweza kufunguka. Kwa waliofungwa mpira ni siku zile zile kinyama kinapodondoka. Haitokei kwa wengi, lakini ikitokea damu inaweza kuwa nyingi, na ukiwa porini katikati ya safari hakuna wa kukusaidia.

Michirizi kwenye pedi au matone baada ya choo ni ya kawaida kwa wiki kadhaa. Damu inayotiririka, mabonge, pedi inayolowa mara moja baada ya nyingine, kizunguzungu au moyo kwenda mbio: lala, kandamiza kitambaa safi, na mtu akupeleke hospitali sasa hivi. Usiendeshe mwenyewe. Kazi ya ofisini inawezekana baada ya wiki 1 au 2. Kazi za nguvu na safari ndefu ziache zipite wiki 3 au 4. Anayetumia aspirini, klopidogreli au wafarini, yaani dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya tiba yoyote, hata ya mpira, na asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Jambo jingine ni adimu lakini huua: maambukizi ya nyonga. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na mkojo kugoma, vikija kwa pamoja hata baada ya kufungwa mpira tu, ni dharura. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asingoje hata asubuhi.

Baada ya miezi

Kuna wanaokuja wakisema bawasiri imerudi, tukitazama tunakuta kijingozi laini kilichobaki baada ya uvimbe kunywea. Hakina madhara. Bawasiri yenyewe inaweza kurudi pia, zaidi kwa waliofungwa mpira kuliko waliokatwa, na mpira unaweza kufungwa tena. Maumivu kama ya wembe wakati wa choo wiki nyingi baadaye huashiria mchaniko, nao una tiba yake.

Choo kikianza kuwa chembamba na kutoka kwa shida, njia imekuwa nyembamba kwa kovu. Hutokea ngozi nyingi ikiondolewa wakati wa upasuaji. Tena huonekana kwa waliopakwa dawa kali za kuchoma bawasiri na watu wasio na ujuzi, kwa sababu dawa ya kuunguza haichagui kinyama na ngozi. Kushindwa kuzuia upepo kwa siku chache baada ya upasuaji huisha; kukiendelea miezi, rudi. Kina mama waliowahi kuchanika sana wakati wa kujifungua waseme mapema, misuli yao huenda ilishadhoofika na mpango wa upasuaji ukabidi kubadilika.

Na damu inayoendelea wakati kidonda kimeshapona isipewe jina la bawasiri kwa mazoea. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Kama kinyama chako kilipelekwa maabara, fuatilia jibu, na kama damu ipo au choo kimebadilika tabia, uliza kuhusu kipimo cha kamera.

Karatasi ya kuruhusiwa iweke mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anaweza kuichukua. Daktari wa zamu ya usiku atakayekupokea hakujui, na vitu viwili atakavyovitafuta kwanza vimeandikwa humo: ulifanyiwa nini, na tarehe ngapi.