Kitunguu saumu "kilichokauka" kimekauka wapi?

Mkulima wa kitunguu saumu akikwambia vitunguu vyake havijakauka bado, usibishane naye kwa sababu tu umevigusa ukaona ni vigumu kama kokoto. Yeye anazungumzia shingo, pale majani yanapoungana na kichwa.

Kukausha kitunguu saumu si sawa na kukausha dagaa. Dagaa unataka maji yote yatoke. Punje ya kitunguu saumu inatakiwa ibaki na maji yake, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wake, maana ikiyapoteza inasinyaa na kuwa nyepesi. Kinachokaushwa ni kile kinachoizunguka: maganda ya nje, mizizi na shingo. Shingo ndiyo mlango. Ikibaki mbichi, ukungu hupitia hapo na kuozesha kichwa kutoka ndani huku nje kinang'aa.

Kazi yenyewe huanzia bustanini. Kila jani unaloliona juu, sehemu yake ya chini ndiyo ganda moja la kichwa. Jani likifa, ganda lake nalo huanza kuharibika udongoni. Kwa hiyo usisubiri majani yote yalale kama unavyofanya kwa kitunguu maji. Majani ya chini, kama theluthi moja hivi, yakishakuwa ya njano na ya juu bado ni kijani, chimba. Ukichelewa utakuta punje zimeachana, ziko uchi. Maji acha kumwagilia wiki mbili hivi kabla ya kuvuna. Tifua udongo pembeni kwanza, usivute majani kwa nguvu, na usivioshe. Udongo utapukutika wenyewe.

Kisha fungeni mafungu madogo, majani yakiwa bado yapo, muyatundike upenuni au myatandaze kwenye kichanja chenye kivuli na upepo. Wiki mbili hadi nne zinatosha, ila penye unyevu mwingi hewani kama Lushoto ni vizuri kuvumilia zaidi. Kivuli nakisisitiza kwa sababu msimu wangu wa kwanza nilivianika juu ya bati, jua la saa saba, nikijiona mjanja. Jioni nilikuta punje nyingi zimelainika kama zilizochemshwa.

Kupima ni rahisi: bana shingo kwa vidole. Ikiteleza au ikitoa unyevu, rudisha kivulini. Ikiwa kavu kama karatasi na mizizi inakatika kwa kuguswa, kata shingo ubakize sentimita 2 hivi, punguza mizizi, weka kwenye kikapu au mfuko wa wavu mahali penye hewa. Mfuko wa plastiki unarudisha unyevu ule ule uliohangaika kuutoa.

Na friji? Vichwa vizima usiviweke humo. Baridi yake huiamsha punje, ikadhani msimu wa kuota umefika. Baridi hiyo hiyo ndiyo mmea unayoitaka ukiwa shambani ili kichwa kigawanyike punje, na ndiyo sababu kitunguu saumu kinastawi Mbulu na nyanda nyingine za juu. Pwani, huko wanakokiita thomu, ukikipanda nyuma ya nyumba mara nyingi utapata majani mazuri na kichwa kimoja cha duara kisicho na punje. Majani hayo yapike tu, ni matamu kwenye mchuzi.

Kuna wanaomenya punje na kuzitumbukiza kwenye chupa ya mafuta ili zidumu. Mafuta hayo yakikaa kabatini ni hatari: bila hewa, bakteria wanaotoa sumu ya botulini huweza kuzaliana, na hutasikia harufu yoyote. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.

Punje iliyochipua haina sumu. Toa kile kichipukizi cha kijani katikati kama uchungu wake unakukera, au izike punje nzima kwenye kopo la udongo, ncha ikiangalia juu.