Nobu inasema 180, ndani kuna ngapi?

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na dada mmoja anayeoka keki za oda nyumbani kwake. Keki zilikuwa zinapasuka juu, pembeni zimeungua, katikati mbichi. Alishabadilisha unga, trei, hadi aina ya siagi, akaanza kuamini mkono wake ndio mbovu. Iliniuma, maana nilihisi tatizo ni oveni.

Watu wengi huingiza kipimajoto, wakasoma mara moja, kisha wakashika bisibisi. Oveni haikai kwenye digrii moja. Themostati, yaani kidhibiti joto, hukata umeme wa koili inayopasha moto joto likizidi na kuurudisha likishuka, kwa hiyo joto hupanda na kushuka muda wote. Tena taa ya kuonyesha kuwa inapasha ikizima mara ya kwanza, kilichopata moto ni hewa tu, kuta bado. Subiri nusu saa.

Kwa dada yule tuliweka kipimajoto cha oveni kwenye rafu ya katikati, pale pale keki inapokaa, nobu kwenye 180. Tukachungulia kupitia kioo, mlango haufunguliwi, tukaandika joto limepanda hadi ngapi na kushuka hadi ngapi kwa mizunguko minne. Juu lilifika 214, chini 186. Wastani 200! Digrii 20 zaidi.

Kama huna kipimajoto, tumia sukari nyeupe, ambayo huyeyuka kwenye digrii 186 hivi. Oveni ikishapata moto, weka kijiko kimoja juu ya foili kwa dakika 15 kwenye 175. Ikiyeyuka, oveni inazidisha. Rudia na sukari nyingine kwenye 190. Ikibaki chenga, oveni inapunja.

Sikugusa skrubu ya themostati. Nilichomoa plagi, nikaacha ipoe, nikatazama kwanza kile kijiti chembamba cha shaba kinachopima joto ndani. Kilikuwa kimetoka kwenye vibanio vyake, ncha imezama kwenye tundu la ukuta wa nyuma, ambako kuna ubaridi kuliko ndani. Themostati ikidanganywa hivyo, inaendelea kuchochea. Nikakirudisha kwenye vibanio, nikakagua na mpira wa mlango. Ulikuwa mzima.

Kama kijiti kiko sawa na wastani bado umepotoka, oveni nyingi za kidijitali zina sehemu ya kusahihisha digrii kwenye mipangilio. Tazama kitabu chake. Ya nobu, andika tofauti kwenye karatasi uibandike pembeni: kama inazidisha digrii 20, ukitaka 180, weka 160. Ya gesi mwachie fundi.

Umeme mdogo nao usikuchanganye. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili hubaki na kama robo tatu ya nguvu yake. Oveni itachelewa kupata moto, lakini themostati haijaharibika.

Tulipima upya: juu 197, chini 171, wastani 184. Nikaishia hapo, maana digrii 4 keki haizisikii.