"Nalima, mazoezi ya nini tena?"

Ukiwagusia kina mama wa vijiji vya Muheza habari za mazoezi, jibu huja haraka: "Mwanangu, mimi na jembe tangu alfajiri. Mazoezi waachie wa Tanga mjini."

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa nguvu ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kazi inahesabiwa. Kupalilia, kuchota maji, kutwanga, kwenda sokoni kwa miguu, vyote vimo. Ukiweza kuongea lakini kuimba pumzi haitoshi, mwili unafanya kazi ya kutosha.

Lakini shamba lina msimu, na maisha yamebadilika. Mahindi yanakwenda mashineni, sokoni tunapanda bodaboda. Shangazi yangu anauza machungwa kando ya barabara ya Segera–Tanga. Anakaa kwenye kigoda asubuhi mpaka jua linazama, akiinuka tu basi linapopunguza mwendo. Naye husema "nalima", ilhali shamba alishamwachia mwanawe miaka mitatu sasa. Jembe alilolishika zamani halimkingi leo na presha wala kisukari.

"Unene ni neema. Ukikonda watasema mume hamlishi." Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inamfanya mama aogope maneno ya majirani kuliko maradhi. Presha humpata mnene na mwembamba, na mara nyingi haina dalili yoyote. Mazoezi husaidia kuishusha hata kama uzito haukupungua.

"Mjamzito atulie." Kama mimba haina matatizo, kutembea na kazi nyepesi ni salama, na hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba. Dumu la lita 20 kichwani ni jambo jingine, hizo ni kilo 20, apokewe. Akiona damu, akivuja maji au akishikwa na kizunguzungu, aache na aende kituo cha afya.

"Mazoezi yanataka uwanja na traksuti." Hayataki. Ngoma ya arusini, kina mama peke yao na kanga zao kiunoni, ni mazoezi kamili. Zamani ilishauriwa angalau dakika kumi mfululizo, siku hizi hata chache zinahesabiwa.

"Nimeshazeeka." Aliyefikisha miaka 65 ndiye anayehitaji zaidi mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu kwa wiki au zaidi, asije akaanguka.

Sisi tunaotoa elimu kliniki au kwenye vikoba tuna kosa letu pia. Kumwambia "fanya mazoezi" mama mwenye malengelenge viganjani ni kumdharau. Muulize kwanza jana alifanya nini tangu adhana ya alfajiri mpaka isha. Shangazi nilipomuuliza hivyo, alihesabu kwa vidole, akafika kwenye kigoda, akanyamaza. Siku hizi, kila anapomaliza kupanga fungu la machungwa, huinuka na kuketi mara kumi bila kushika tenga. Mwanzo alikuwa akiishia mara nne.