Shokapu haibebi gari: maana ya suspenshen kwa mwenye gari ya porini inayoshinda mjini

Kuna sentensi naisikia kila mara magereji na kwenye magrupu ya magari: "nataka nibadilishe suspenshen, nifunge shokapu ngumu gari inyanyuke." Anayesema hivyo mara nyingi ana Prado, Hilux au Jimny inayoshinda mjini, Mbezi kwenda Posta jijini Dar na kurudi, hifadhi za Mikumi au Saadani inafika likizo kwa likizo. Muuzaji anaitikia "zipo boss", boksi linatoka, hela inalipwa, halafu baada ya wiki mbili jamaa analalamika gari haijanyanyuka na kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, inamrusha. Hakuna aliyemwibia, ameomba kazi ambayo shokapu haiifanyi.

Suspenshen kwa kifupi ni vyote vilivyo kati ya bodi na barabara vinavyoiacha tairi ipande na kushuka bila bodi nzima kuifuata. Springi, shokapu, vyuma vinavyoshika ekseli au habu (pale tairi inapofungwa), bushi (mipira ya kwenye maungio), boljointi (viungo vya duara vinavyozunguka), stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), na tairi yenyewe na upepo wake. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu. Ugumu unaanza pale watu wanapozitaja springi na shokapu kama kitu kimoja, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Springi ndiyo inayobeba gari. Ukiiwekea uzito inabonyea, ukiuongeza inabonyea zaidi, na gari ikiwa imesimama hata mwezi mzima springi bado iko kazini imeishikilia juu. Kwa hiyo kimo cha gari kinatoka kwenye springi, urefu wake na ugumu wake, pamoja na pale inapokalia. Shokapu habari yake ni nyingine kabisa. Ndani yake kuna mafuta, pistoni na valvu zenye vitundu vidogo, pistoni ikisogea mafuta yanalazimika kupita kwenye vile vitundu, yanakataa kupita kirahisi, na ule ukaidi ndio unaoua mrusho wa springi na kuugeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukishuka kwenye barabara ndefu ya vumbi yenye mawimbi ukagusa shokapu unaweza kuungua kidole.

Sasa angalia hapa, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Springi inajibu umbali iliobonyezwa. Shokapu inajibu kasi inayosogezwa. Gari ikisimama hakuna kasi, pistoni imetulia, mafuta hayapiti popote, na nguvu ya shokapu kushikilia gari inakuwa sifuri. Zile zenye gesi ndani kweli zinasukuma kidogo kwa nje, zinaweza kukupa milimita chache, ila hakuna mtu anayelipa hela ile kwa ajili ya milimita chache.

Asiyeamini aende gereji aombe kuangalia Prado nyuma. Kule springi imekaa peke yake na shokapu peke yake, pembeni. Gari ikiwa chini imesimama kwa tairi zake, fundi akifungua nati ya chini ya shokapu zote mbili akazitoa, gari inabaki palepale ilipokuwa, haishuki. Ila ukiikandamiza kwenye bampa ukaiachia inanesa juu chini, juu chini, kama kitanda cha springi, mpaka ichoke yenyewe. Hapo unaona kwa macho yako nani anabeba na nani anatuliza.

Najua kwa nini watu wanachanganya, na wala siwalaumu. Mbele ya hizo Prado, na mbele ya Hilux kuanzia zile za Vigo, springi imevalishwa juu ya shokapu, fundi anazitoa pamoja kama kifaa kimoja, na kikombe kinachokaliwa na springi kimeshikwa na mwili wa shokapu. Kuna shokapu, mfano baadhi za kampuni ya Bilstein, zina mifereji ya kupandisha kile kikombe juu kidogo. Mtu akifunga hizo gari ikapanda anasema shokapu imeinyanyua. Hapana, kilichopanda ni mahali springi inapokalia, mafuta ya ndani hayajabeba hata kilo. Na zile Prado za Japani zilizokuja na maputo ya hewa nyuma ni hivyohivyo, pale puto lenyewe ndiyo springi, ndiyo maana likitoboka gari inakaa chini matako hata kama shokapu ni mpya kabisa.

Zamani tofauti hii ilikuwa inajificha zaidi. Mabehewa ya farasi ya Ulaya yalitembelea springi za majani, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vile vyuma vikisuguana vyenyewe vinapunguza mnesano. Springi na breki ya springi vilikuwa kitu kimoja. Magari yalipoanza kukimbia ule msuguano haukutosha, mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mfaransa Truffault na Mmarekani Hartford wakawa wanatengeneza vituliza vya sahani zinazosuguana, baadaye mafuta yakachukua nafasi. Mpaka leo Land Cruiser za 70 na Hilux zina majani nyuma, na huo msuguano bado upo. Springi ya kuzunguka, ile ya chuma kilichoviringishwa, haina kitu hicho, ikirushwa itarudi na karibu nguvu yote iliyopewa, kwa hiyo gari ya springi za kuzunguka shokapu zikifa unajua mapema, wakati pikapu ya majani inaweza kukudanganya muda mrefu.

Haya, tuje kwenye ununuzi wenyewe. Swali la kwanza ni gari yako inabeba nini kila siku. Nazungumzia kile kisichoshuka, siyo safari ya Krismasi. Springi za maduka ya maana, mfano Old Man Emu za Australia, zinauzwa kwa uzito: hizi za gari tupu, hizi za mzigo wa kudumu kiasi fulani, hizi za mbele penye bampa la chuma na winchi. Watu wa mjini wanaruka wanachukua za mzigo mzito kwa sababu wameona Land Cruiser za watalii Arusha zimefungwa hizo. Lakini ile ya Arusha imerefushwa bodi, ina paa la kufunguka, watalii na mabegi yao, friji, tairi mbili za akiba, na inaishi kwenye vumbi. Wewe uko peke yako na begi la laptopu.

Piga hesabu uone. Tuseme kila springi ya nyuma inabeba kilo 400, na springi yako ya kawaida inabonyea milimita 1 kwa kila kilo 4. Imebonyea milimita 100. Ukiweka ngumu zaidi yenye urefu uleule, inayotaka kilo 5 kwa milimita, inabonyea 80, kwa hiyo gari tupu imepanda milimita 20 na unafurahi. Ila kile kilichopanda umekikata upande wa pili. Tairi ikiingia shimoni au ikitoka kwenye tuta inatakiwa ishuke, na sasa imebakiza nafasi ndogo ya kushuka kwa sababu shokapu tayari imevutwa. Ikifika mwisho wake inagonga, unasikia ko! nyuma ya siti. Wengi wanafikiri huo ndio uimara. Ni shokapu inaumia. Na tairi isiyoshuka chini haishiki barabara, lami ikiwa imelowa, nyuma ya gari inaanza kuteleza kwenye kona ambayo jana ulipita bila wasiwasi.

Kwa gari inayotembea lami zaidi na porini mara mojamoja mimi nashauri hivi, na nashauri kwa moyo kabisa. Anza na bushi. Prado iliyokuja imetumika mara nyingi ina miaka zaidi ya 10, bushi zimepasuka, boljointi zinacheza, mwenyewe anasema "suspenshen laini nataka ngumu". Badilisha hizo kwanza, upige wili alaimenti (kunyoosha tairi), halafu uiendeshe, unaweza kukuta hamu ya kuinyanyua imeisha. Baada ya hapo shokapu nzuri zinazolingana na springi ulizonazo. Springi zenyewe badilisha kama zimelala, yaani zimechoka na kushuka, au kama kweli umeongeza uzito wa kudumu, na ukibadilisha springi kuwa ngumu shokapu lazima ifuate, kwa sababu springi ngumu inarudi kwa nguvu kubwa na shokapu ya zamani haiwezi kuizuia.

Kuhusu kunyanyua, milimita 40 mpaka 50 inatosha sana kwa matumizi haya. Ukizidisha kwenye gari ambayo tairi za mbele zinajitegemea, shafti za mbele zinakaa kwenye pembe kali, mpira unaofunika sivii jointi (kiungo cha shafti kinachopeleka nguvu kwenye tairi) unapasuka, grisi inamwagika na mchanga unaingia. Alaimenti nayo inagoma kurudi mpaka uongeze vyuma vingine. Hilux nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa kuangalia kimo cha nyuma, ukiinyanyua nyuma valvu inadhani gari iko tupu kuliko ilivyo, inapunguza breki za nyuma. Hilo fundi asiporekebisha utakuja kuligundua siku unayohitaji breki. Na taa za mbele zishushwe, tafadhali, wenzio wanapofuka usiku barabara ya Bagamoyo.

Supesa je? Zile pete za chuma au plastiki ngumu za kuweka juu ya springi ni za bei rahisi na gari inapanda kweli, siwezi kukataa. Lakini springi ni ileile na shokapu ni ileile, nafasi ya tairi kusogea haijaongezeka hata kidogo, umeinua kofia tu. Kama lengo ni tairi kubwa kidogo isiguse madigadi, sawa. Kama lengo ni gari itembee vizuri, hiyo hela bora ingeenda kwenye shokapu.

Na upepo wa tairi usiusahau, kwa sababu watu wananunua tairi nzito za kazi zenye kuta ngumu, wanajaza upepo mpaka tairi inakuwa gogo, halafu wanalaumu suspenshen. Soma kile kibandiko kwenye mlango wa dereva, hapo ndipo pa kuanzia kwa tairi za saizi ileile, halafu vumbini punguza.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisema umefunga shokapu za kunyanyua gari hatutagombana, naelewa unachotaka kusema. Ila kwa muuzaji sema hivi: gari ni ipi, mbele ina bampa la chuma au haina, keria ya juu ipo au haipo, nyuma kila siku kuna kilo ngapi, naomba springi ya uzito huo na shokapu inayoendana nayo. Akikuletea boksi bila kukuuliza hata kimoja kati ya hivyo, muulize wewe springi zake ni za kilo ngapi, na asipojua nenda duka linalofuata.