Vidude vya chumbani: yanayosemwa huku Malindi na ukweli wenyewe

Vidude vya chumbani, yaani vile vya kujistarehesha kimapenzi kama vaibreta, siku hizi vipo tu, tusidanganyane. Vinashuka na parseli za basi kutoka Mombasa na Nairobi ndani ya boksi lisiloandikwa kitu, wenyewe wanakuja kuvichukua, wengine wamevaa buibui wengine kofia imeshushwa mpaka machoni, wake kwa waume. Shida boksi lina chaja na kikaratasi cha Kichina, maelezo ya maana hamna, kwa hiyo mtu anamuuliza shoga yake na shoga naye kasikia kwa mwengine. Mimi niko kaunta ya kemisti na haya maswali yananifikia kwa sauti ya chini, mtu kanunua Panadol, kanunua plasta, kaangalia mlango kwanza ndo anauliza. Na nnavyoona mimi, kidude chenyewe mara nyingi hakina makosa, kinachomuumiza mtu ni vitu vya jikoni na bafuni anavyokichanganya nacho.

"Mafuta ya nazi ni ya asili, hayana neno"

Hii ndo namba moja huku kwetu, na naelewa kwa nini, manake nazi tunapikia, tunapaka nywele, tunakanda watoto, sasa kitandani ikatazwe na nani? Ngozi yenyewe wala haina ugomvi mkubwa na mafuta. Mwenye ugomvi ni kondomu. Kondomu nyingi ni za mpira wa lateksi na mafuta yanaulegeza ule mpira, si ya nazi tu, hata ya kupikia, Vaseline, losheni, mafuta ya mtoto, yote. Hili lilipimwa maabara na majibu yakachapishwa 1989, mafuta ya madini (yale ya mtoto mengi ndo hayo) yalikaa juu ya kondomu dakika moja tu na mpira ukapoteza kama asilimia 90 ya nguvu zake. Dakika moja! Na kwa macho huoni kitu, kondomu inang'aa vizuri kabisa, mpaka ipasuke. Kondomu ya kike ya naitrili (mpira wa kiwandani usio lateksi) hiyo inahimili mafuta, lakini ya kiume ya kawaida hapana, na kumbuka watu wengi wanavisha kondomu juu ya kile kidude, kwa hiyo habari ni ile ile.

Vidude vya raba laini navyo mafuta yanaviharibu, vinaanza kunata nata na kushika vumbi.

"Jeli ni jeli, chukua ya bei rahisi"

Jeli za kulainisha ziko za maji na ziko za silikoni. Ya maji inaenda na kila kitu: kondomu, silikoni, raba, plastiki, kioo. Ubaya wake inakauka haraka, na ikikauka watu wanamwaga nyengine juu ya nyengine wakati matone mawili ya maji yanaiamsha ile ile iliyopo. Ya silikoni inateleza muda mrefu na kondomu haina shida nayo, ila ukiipaka kwenye kidude cha silikoni inaweza kula ile ngozi ya juu, kidude kinakuwa na vijikwaruzo na ndani ya vijikwaruzo ndo wadudu wanajificha. Kama hujui kidude chako ni cha nini, kaa na ya maji basi.

Halafu soma nyuma ya chupa. Ukiona nonoxynol-9 irudishe. Ni dawa ya kuua mbegu za kiume, na watu zamani walidhani inaua na virusi vya ukimwi pia, kumbe ikitumika mara kwa mara inachubua ndani na hatari ya kuambukizwa inazidi, na WHO, Shirika la Afya Duniani, imeshasema hilo tangu miaka ya 2001 na 2002. WHO hao hao mwaka 2012 wakatoa mwongozo wa vilainishi, wakasema visiwe na vitu vingi kupita kiasi vilivyoyeyushwa ndani yake (kama gliserini) manake kilainishi cha hivyo kinavuta maji kutoka kwenye ngozi ya ndani na kuidhoofisha, na cha ukeni kiwe na pH (kipimo cha asidi) ya karibu 4.5. Zile za kupasha moto na za ladha ya stroberi mimi sina hamu nazo, nyingi zina sukari au gliserini nyingi na kwa wanawake wengine zinaweza kuchochea fangasi. Asali pia, na hata ikitoka Lamu, ile ni ya mkate.

"Kitu cha huko ndani lazima kioshwe na Jik"

Jamani. Alikuja dada mmoja analalamika anawashwa wiki nzima, dawa ya fangasi kameza na hakuna nafuu, kuulizana kidogo kumbe kidude chake anakilowesha Jik kila usiku, tena Jik yenyewe haijachanganywa na maji, na hakisuuzi sana "ili dawa ibaki". Dawa ilibaki kweli. Jik, Dettol, spirit, sabuni ya unga, zote hizo ni kali kwa ngozi ile. Uke una asidi yake, pH kati ya 3.8 na 4.5 hivi, na bakteria wazuri wanaoulinda, wewe ukileta dawa ya kuosha choo unawaua walinzi wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo na ndani ya uke hakuoshwi kwa sabuni, kunajiosha.

Kidude kinataka maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo na harufu, kabla ya kutumia na baada, usingoje asubuhi. Kama ni silikoni tupu, chuma kisichoshika kutu au kioo kigumu, na hakina mota wala betri ndani, unaweza kukichemsha dakika 5 mpaka 10 (sufuria yake iwe peke yake, si ile ya wali). Chenye mota usikizamishe mpaka kiandikwe kwamba kinaingia majini, na "kinahimili maji" mara nyingi ni matone tu, si beseni. Kifute kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kitambaa chenye maji, basi.

Sasa huku pwani kuna jambo ambalo video za Wazungu hazilisemi: maji na hewa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na hewa ya bahari yenyewe inajua kula redio, feni na kitasa cha mlango. Ukisuuza na maji ya kisima halafu ukaweka hivyo hivyo, chumvi inabaki kwenye vile vichuma vya kuchajia na miezi haipiti vina kutu ya kijani. Suuza ya mwisho iwe na maji matamu, futa, kiache kikauke kabisa juu ya taulo safi ndo ukifungie. Ukikirudisha kwenye mfuko kikiwa kibichi na hili joto letu utakikuta na ukungu.

"Kikiwa laini ni silikoni"

Laini si silikoni. Raba nyingi za bei ya chini ni laini kweli lakini zina vitundu vidogo visivyoonekana, unaosha juu na uchafu umebaki ndani. Pua yako itakusaidia: ukifungua boksi likapiga harufu kama kandambili mpya, ile ni raba au plastiki iliyolainishwa kwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo, zinaitwa fithaleti, Umoja wa Ulaya ulizizuia kwenye vitu vya kuchezea watoto kwa sheria ya 2005. Za watu wazima zikaachwa hivyo hivyo mpaka 2021 ndo ukatoka mwongozo wa kimataifa wa usalama wao, ISO 3533. Na kuwepo kwa mwongozo haina maana aliyekuuzia anaufuata. Kama ndo unacho hicho hicho cha raba usikitupe leo, kivishe kondomu kila mara na kiweke mbali na cha silikoni manake vikikaa pamoja na joto vinaweza kuyeyukiana.

"Tuko wawili tu, kuambukizana kutatoka wapi?"

Kutatoka kwenye kidude. Magonjwa ya zinaa kama klamidia, trikomona, HPV, vyote vinaweza kusafiri juu ya kitu kibichi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine, na mtu anaweza kuwa navyo hata haumwi popote. Kondomu mpya kila kinapobadilisha mtu. Na kikishaenda nyuma kisirudi mbele kabla hakijaoshwa au hakijabadilishwa kondomu, hapa sina mjadala, UTI inaweza kuanzia hapo.

"Kitapotelea ndani"

Mbele, hapana. Uke una mwisho wake, kuna shingo ya kizazi, kitu hakipiti kwenda tumboni, ukitulia na kuchuchumaa kinatoka. Nyuma ndo kuna mambo, manake ile njia haina mwisho wa karibu na misuli yake inavuta kitu ndani, kwa hiyo kinachoenda nyuma lazima kiwe na kitako kipana kuliko mwili wake. Chupa, tochi, tango, kipini cha brashi, hapana, na chupa inaweza kuvunjika au ikang'ang'ania kwa upepo. Kikipotea usinywe dawa ya kuharisha na usiingize kijiko kukitafuta, nenda hospitali siku ile ile, na kama kuna damu, homa au tumbo linauma sana usingoje hata kukoga. Utaona aibu nusu saa. Madaktari wameshaona mengi kuliko unavyodhani.

Wanaume nao wana yao. Pete ile ya kuvaa kwenye uume isizidi nusu saa, usilale nayo, na iwe ya kunyoosheka manake ya chuma ikikwama inaitiwa mkasi wa chuma. Ganzi, baridi au rangi ya bluu, toa. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka ni dharura, kimbia. Na pampu haikuzi kitu, damu inavutwa, baada ya muda inarudi kwao, ukizidisha unapata vilia vya damu.

Ati mwanamke akitumia atalegea au hatazaa, hakuna kitu kama hicho. Ganzi baada ya vaibreta inaisha yenyewe. Kinachowaharibu dada zetu kwa kweli ni shabu ya kujibana, inakausha, ngozi inachanika vidogo vidogo na magonjwa yanaingia kirahisi, shabu ibaki kwapani.

Kuhusu kuweka, kondomu zinataka chini ya nyuzi 30, kwa hiyo waleti ya nyuma na boksi la bodaboda chini ya jua la kaskazi si mahali pake. Cha betri toa betri. Cha kuchaji usikiache usiku kucha juu ya godoro.

Na kikichakaa, kikipasuka au kikaanza kunata, kitupe, lakini usikitie kwenye moto wa taka pale uani kwa sababu betri ya lithiamu ikipata moto inalipuka. Peleka betri kwa fundi wa simu anayezikusanya, kidude chenyewe kikate vipande ukifunge kwenye karatasi mbili tatu ndani ya mfuko mweusi, manake hawa kunguru wetu wa Malindi wanafungua kila kitu na watakitua juu ya bati la jirani.