Lidström hakuwa laini

Jumamosi iliyopita, mechi imekwisha na vijana wanavua viatu, baba wa mmoja wa mabeki wangu wa hoki ya barafu alinifuata hadi mlangoni. Mwanawe ana miaka 13, umri ambao kumgonga mpinzani kwa mwili ndiyo kwanza kunaruhusiwa, na anateleza kinyumenyume kuliko wenzake wote. Siku hiyo hakumwangusha mtu. "Kocha, mfundishe kugonga," baba akasema. Nikamwambia wakae pamoja watazame mechi za zamani za Nicklas Lidström, beki wa zamani wa Detroit. Akatikisa kichwa. "Yule? Yule alikuwa laini. Detroit ilimbeba."

Nafundisha mabeki hapa Ontario, Kanada, mwaka wa 11 sasa, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa makocha wenzangu, hata kwa vijana waliozaliwa Lidström akikaribia kustaafu. Nimechoka nayo. Leo nayajibu mara moja.

Ya wasifu nitayapitia haraka. Alizaliwa 1970 Krylbo, Sweden, akachezea Västerås. Detroit Red Wings walimchukua 1989 akiwa wa 53 kwenye orodha ya chipukizi waliochaguliwa na timu za ligi mwaka huo. Alianza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, msimu wa 1991-92, akacheza misimu 20 katika timu hiyo hiyo moja, mechi 1,564, na hakuna hata msimu mmoja kati ya hiyo ambao Detroit ilikosa mchujo wa kuwania ubingwa. Makombe manne ya Stanley, yaani ubingwa wa ligi: 1997, 1998, 2002 na 2008, la mwisho akiwa nahodha. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa msimu, mara saba. Mwenye nyingi zaidi ni Bobby Orr peke yake, aliyepata nane. Dhahabu ya Olimpiki Torino 2006, na bao la ushindi dhidi ya Finland lilikuwa lake.

Sasa tuje kwenye huo ulaini.

Fainali ya 1997, Detroit dhidi ya Philadelphia. Detroit hawajalishika Kombe tangu 1955. Philadelphia wana mshambuliaji Eric Lindros, jitu la mita 1.93 na zaidi ya kilo 100, na wawili wa pembeni yake, LeClair na Renberg, nao ni miti mikubwa. Detroit walikuwa na Vladimir Konstantinov, beki mgongaji aliyeogopwa ligi nzima, kwa hiyo kila mtu alitarajia kazi ya Lindros aipewe yeye. Kocha Scotty Bowman akawapa Lidström na Larry Murphy. Watu waliona ni wazimu. Murphy alikuwa na umri wa miaka 36 na ametoka Toronto majira hayo hayo akizomewa na mashabiki wa kwao. Ikaisha 4-0 kwa mechi, Detroit wakawa mabingwa. Lindros alipata bao moja tu fainali nzima, nalo lilikuja sekunde za mwisho kabisa za mechi ya nne, wakati hakuna cha kuokoa tena.

Walifanyaje? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, maana wanaosema "laini" hutazama bega la beki na hawatazami gongo lake.

Marehemu babu yangu alikuwa na uzio wa samaki kule Vanga. Kwenye uzio hakuna anayemkimbiza samaki. Samaki anakutana na ukuta wa fito, anaufuata akidhani anajitafutia njia, na kila anapogeuka nafasi inazidi kuwa finyu, mpaka anajikuta ndani ya chumba. Lidström alikuwa uzio. Mshambuliaji anapofika mstari wa bluu, mpaka wa eneo la ulinzi, umbali kati yao ni urefu wa gongo moja na kidogo. Ukipungua, atakupita, ukizidi, atapiga. Mwili umekaa upande wa katikati ya uwanja, kwa hiyo njia pekee inayoonekana wazi ni ya pembeni, kwenye mbao. Macho yako kifuani kwa mshambuliaji, kwa sababu paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa, hudanganya na kifua hakidanganyi. Na gongo liko mkono mmoja, kiwiko kimebana ubavuni.

Kiwiko hicho ndicho ninachokipigia kelele kila mazoezi. Beki anayekwenda ameunyoosha mkono amemwonyesha mpinzani mwisho wa urefu wake. Lidström aliuficha. Mshambuliaji alipima, akaona nafasi ipo, akaitoa paki mbele kidogo, na hapo mkono ukafunguka na bapa la gongo likawa limeshafika. Pasi ikipita hewani aliidondosha kama mtu anayechuma embe lililo usawa wa kichwa. Hakukuwa na sababu ya kumgonga mtu ambaye hana tena paki.

Anagonga nani, kwa kawaida? Beki aliyechelewa. Umbali umemponyoka, pembe imemponyoka, kimebaki kifua. Nakubali hapo nazidisha, lakini si sana.

Angalia dakika zake za adhabu, yaani muda aliotolewa nje kwa makosa: 514 katika mechi 1,564. Hiyo haifiki sekunde 20 kwa mechi, kwa mtu aliyekuwa uwanjani dakika 25 na zaidi karibu kila usiku, akikabana na mshambuliaji bora wa upande wa pili. Na kwa waliodai kwamba aliponea kwenye ile enzi ya kushikana na kunasana magongo, 2005 ligi ilianza kuadhibu mambo hayo kwa ukali. Msimu uliofuata, akiwa na miaka 35, alipata pointi 80 (mabao na pasi za mabao), nyingi kuliko msimu wake mwingine wowote.

Kuhusu kubebwa, siku sita tu baada ya Kombe la 1997 Konstantinov aliumia vibaya katika ajali ya gari na hakucheza tena. Detroit wakashinda tena 1998 bila yeye, Lidström akiwa ndiye beki wao mkuu. Lakini siwezi kumtenganisha kabisa na washambuliaji wenzake Yzerman na Fedorov, na Bowman. Jumlisha-toa yake ya +450, yaani mabao ya timu yake akiwa uwanjani ukitoa ya wapinzani, ina jasho la wengi ndani yake, na mimi siitumii hesabu hiyo kama ushahidi. Msimu pekee aliomaliza chini ya sifuri, -2, ni 2010-11, na ndio msimu aliopewa Norris ya saba akiwa na miaka 41. Mimi kura yangu ningempa Shea Weber, beki wa Nashville. Nadhani waliheshimu jina.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Scott Stevens, beki wa New Jersey. 1995 New Jersey iliifunga Detroit hii hii 4-0 kwenye fainali, Lidström akiwemo, na Stevens alikuwa akiwagonga watu mpaka wengine wakaanza kutazama pembeni kabla ya kupokea pasi. Hofu ile ilifanya kazi. Mei 2000 alimgonga Lindros kichwani, na Lindros hakucheza msimu mzima uliofuata. Lindros yule yule. Miaka mitatu kabla alizimwa na Lidström kwa fainali nzima, akarudi nyumbani na akili zake. Stevens na Lidström, wote wawili walimzuia. Tangu 2010 ligi inakataza kumvizia mtu pembeni na kumlenga kichwa, na mimi kama mwalimu wa watoto najua ninasimama wapi.

Shaka yangu nyingine ni kama haya yanafundishika. Nimekuwa na vijana walioiga gongo la Lidström bila miguu ya Lidström, wakabaki wanaufagia upepo huku winga akipita. Miguu ndiyo inayoulinda ule umbali, gongo linakuja baadaye. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza mabeki wangu hukaba wakiwa wameligeuza gongo juu chini, na wazazi hulalamika.

Yule kijana ameshavuka hapo. Jumanne ataanza zoezi la mtu mmoja kwa mmoja, gongo mkono mmoja, kiwiko ubavuni. Baba yake nimemwomba aje asimame nyuma ya kioo, ahesabu ni washambuliaji wangapi watafika golini.